Kiwanda si Nyumba: Toboa Ardhi Kabla ya Kuagiza Mashine

Jembe likigonga moramu, hulia. Mwenye kiwanja akisikia mlio ule moyo wake hutulia. Fundi huokota bonge la udongo mwekundu wenye vijiwe, hulisugua kiganjani, kisha hutoa hukumu: "Hajji, hapa ni mwamba mtupu. Panda juu unavyotaka." Nimeyasikia maneno hayo Iganga, nimeyasikia Mukono, nimeyasikia Tororo, na kila mara yalitoka kwa mtu mwaminifu aliyejenga nyumba nyingi ambazo hadi leo zimesimama. Kwa nyumba, mara nyingi huwa amesema kweli. Tabu huanza pale kinachopandishwa juu ya moramu ile ni kiwanda.

Miaka michache iliyopita niliitwa kukagua kiwanda cha kukoboa na kusaga mahindi mashariki mwa Uganda, ukingoni mwa bonde la mpunga. Mwenyewe alikuwa amesimamisha maghala manne ya chuma ya mviringo, yale tuyaitayo masailo, kila moja la tani 1,000 na kipenyo cha mita 10. Msimu wa kwanza alijaza mawili ya upande wa bonde. Baada ya wiki sita hivi, ukanda wa ndoo zinazopandisha nafaka ulianza kusugua bomba lake. Vijana wa mashine wakaurekebisha. Wiki iliyofuata ukasugua tena. Waliurekebisha mara tatu kabla mmoja wao hajafikiria kuning'iniza timazi. Sailo la pembeni lilikuwa limetitia sentimita 6 zaidi upande wa bonde. Sentimita 6 ni vidole vitatu au vinne tu, lakini kwa sailo la urefu wa mita 15 kilele kilikuwa kimehama sentimita 9, na boliti za daraja la chuma linalounganisha vilele vya masailo zilikuwa zimeanza kupinda.

Nikaomba ripoti ya udongo. Ilikuwepo, tena ina mhuri. Mashimo matatu yalichimbwa kwa jembe na sururu hadi mita 1.5, yote yakaishia kwenye moramu ngumu. Hitimisho lake: ardhi hii inabeba tani 20 kwa kila mita ya mraba. Sailo lililojaa, pamoja na jamvi la zege lililo chini yake, hukandamiza ardhi kwa tani 14 hivi kwa mita ya mraba. Kwenye karatasi kulikuwa na akiba ya kutosha. Tulipoleta mtambo wa kutoboa, moramu iliisha kwenye mita 2.3. Kutoka hapo hadi karibu mita 9 tulikuta mfinyanzi wa kijivu uliolowa, laini kiasi cha kubonyea kwa kidole gumba.

Ripoti ile haikudanganya kuhusu moramu. Kosa lake ni kwamba ilijibu swali la nyumba mahali palipokuwa na swali la kiwanda, na naona kosa hilo likirudiwa kiwanda baada ya kiwanda wakati huu ambapo nchi yetu inajenga viwanda kuliko wakati wowote ninaoukumbuka: Namanve, Kapeeka, Mbale, Kasese, na sasa Kabalega kule Hoima.

Kwanza tuielewe moramu yenyewe. Vilima vingi vya Buganda na Busoga vina kofia ya moramu ngumu, iliyoundwa kwa muda mrefu sana pale chuma kilichoyeyuka katika maji ya ardhini kilipoganda na kushikanisha punje za udongo. Chuma hicho kilitoka mahali fulani. Mara nyingi, chini ya ganda hilo jekundu kuna tabaka lililonyang'anywa chuma chake, jeupe au la kijivu, ambalo ni mfinyanzi laini. Kisha huja mwamba uliooza, ambao bado una sura ya jiwe lakini unavunjika mkononi, na huenda hivyo mita nyingi kabla ya kufika kwenye mwamba mzima. Ukishuka mteremko kuelekea bonde, ganda huwa jembamba. Pembeni mwa bonde linaweza kuwa mita 1 tu. Kwa hiyo mlio wa jembe unakupa habari za ngozi. Kilicho chini ya ngozi jembe halikijui.

Mvuvi anaweza kutembea juu ya mafunjo yanayoelea pembeni mwa ziwa, na mkeka ule ukambeba vizuri. Hakuna mvuvi ambaye angempitisha ng'ombe hapo kwa sababu tu yeye mwenyewe amepita. Moramu nyembamba juu ya mfinyanzi ni mkeka wa namna hiyo, ila rangi yake nyekundu na ugumu wake hutusahaulisha kilicho chini.

Hapa kuna hesabu moja ambayo kila mwekezaji anafaa kuijua, hata kama hatakumbuka nyingine. Uzito wa jengo haukomi chini ya msingi. Unashuka ukitanuka, na kina unachofikia kinategemea upana wa msingi. Msingi wa mita 1 hukandamiza kwa maana udongo wa mita 2 hivi chini yake, basi. Jamvi la mita 10 la sailo ni jambo jingine kabisa. Kwenye kina cha mita 5, katikati yake, bado kuna karibu theluthi mbili za mkandamizo wa juu. Kwenye mita 10 bado kuna zaidi ya robo. Hata kwenye mita 20 kuna karibu sehemu moja ya kumi. Nyumba ya kawaida ingekaa juu ya moramu ile ya mita 2.3 bila mfinyanzi wa chini kujua kwamba kuna mgeni. Sailo liliufikia mfinyanzi wote.

Jambo hili limekwisha kuwafika watu wengine, na walilipia. Mnamo Oktoba 1913, huko Transcona karibu na Winnipeg nchini Kanada, ghala jipya la ngano la kampuni ya reli, lenye mapipa 65 ya zege, lilikuwa limejazwa tani zaidi ya 20,000 lilipoanza kutitia. Katika muda wa siku moja liliinama karibu digrii 27, likabaki hivyo, zima, kama mtu aliyelala ubavu. Wajenzi wake walikuwa wameupima udongo: waliweka mzigo juu ya bamba dogo kwenye sakafu ya shimo walilochimba, na udongo wa juu ukawajibu kwamba uko tayari. Bamba dogo halikuweza kuugusa mfinyanzi laini uliokuwa chini. Baadaye ghala lilimwagwa ngano, likanyanyuliwa, likawekewa nguzo zilizofika kwenye mwamba, na likaendelea kutumika kwa miongo. Miaka zaidi ya 110 imepita, na mimi bado naletewa ripoti zenye mashimo ya mita 1.5 kwa ajili ya masailo.

Uchunguzi wa ardhi ya kiwanda uanzie kwenye mchoro wa mashine. Msimamo huo najua unawaudhi baadhi ya wenzangu, kwa sababu mazoea yetu ni kutoboa kwenye pembe nne za kiwanja na moja katikati, kama mtu anayetega mitego. Pembe ya kiwanja hakuna kitu kitakachokaa pale isipokuwa ua na labda choo cha askari. Mzigo uko kwenye sailo, kwenye boila la kutengeneza mvuke, kwenye kinu, kwenye tangi, na kila kimoja kinaiuliza ardhi swali lake.

Chukua kinu cha nyundo, au jenereta kubwa. Uzito wake si mkubwa ukilinganisha na sailo. Lakini mota inayozunguka mara 3,000 kwa dakika inatikisa msingi wake mara 50 kila sekunde, mchana na usiku, miaka nenda miaka rudi. Mhandisi hapo haulizi tu kama ardhi itabeba. Anauliza itacheza vipi. Kila msingi pamoja na udongo wake una mtikisiko wake wa asili, kama ngoma ilivyo na sauti yake, na mashine ikigonga kwa kasi inayokaribiana na mtikisiko huo, kitu kizima huanza kuruka. Ndiyo maana wengi wetu hufuata kanuni ya zamani ya kumpa kinu kinachozunguka bonge la zege lenye uzito usiopungua mara 3 ya uzito wake, na mashine zenye pistoni mara 5, kisha tunakokotoa ili kuhakikisha. Mchanga uliolegea ukitikiswa hivyo hujipanga upya na kushuka. Kipimo cha nguvu ya udongo peke yake hakitakuambia hayo. Inatakiwa kupima ugumu wake, na kipimo hicho huachwa karibu kila mara kwa sababu hakuna aliyekiomba.

Boila lina hila yake. Joto lake, lisipozuiwa, hukausha mfinyanzi ulio chini mwaka baada ya mwaka, na mfinyanzi ukikauka husinyaa. Upande wa pili wa ukuta huohuo unaweza kukuta mtaro wa maji taka ya kiwanda unaovuja, na pale udongo unalowa na kuvimba. Kwenye ardhi nyeusi ya mfinyanzi, ile ambayo mafundi wanaiita bleki kotoni, na ambayo tunayo Karamoja, sehemu za Teso na Bukedi, na kwenye tambarare ya Kasese, kusinyaa na kuvimba huko kunaweza kunyanyua sakafu na kupasua kuta za chumba kimoja pande mbili kwa sababu mbili zinazopingana. Nimesimama kwenye jengo la namna hiyo na mwenyewe akaniuliza, "Injinia, sasa hili linazama au linapanda?" Jibu la kweli lilikuwa kwamba linafanya yote mawili.

Kuna jambo la vyumba vya baridi ambalo hunishangaza kila ninapolifikiria. Viwanda vya kusindika sangara, ambaye hapa kwetu huitwa mputa, vimejipanga kando ya Ziwa Victoria, na vina maghala ya kugandisha yanayokaa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, wakati mwingine zaidi ya hapo. Sakafu ikiwa haikupewa kizuizi cha kutosha, baridi hushuka ardhini polepole. Baada ya miezi au miaka, udongo wa chini huganda. Udongo unaoganda huvuta maji kutoka pembeni na chini, hutengeneza vipande vya barafu na kunyanyua sakafu. Nchi inayopitiwa na mstari wa ikweta, ambayo mkulima wake hajawahi kuona ardhi iliyoganda isipokuwa amepanda Rwenzori, inaweza kuitengeneza barafu hiyo kwa mkono wake chini ya chumba cha samaki. Dawa inajulikana: kizuizi kinene cha joto, na mabomba ya hewa au nyaya za kupasha joto chini ya sakafu. Lakini dawa hiyo inawekwa kabla ya zege. Na ili uipime vizuri lazima ujue udongo wa chini ni wa aina gani na maji yako kina gani, kwa sababu mfinyanzi wa matope na maji ya karibu ndiyo chakula cha barafu ile.

Kule Kasese swali hubadilika tena. Machimbo ya shaba ya Kilembe yaliacha marundo ya mabaki yenye madini ya salfa, na madini hayo yakikutana na hewa na maji hutoa tindikali na salfeti, ambazo hula zege. Anayejenga kiwanda kwenye tambarare ile bila kupima kemia ya udongo na maji ya ardhini ananunua saruji asiyojua kama itadumu. Kipimo chenyewe ni cha bei ndogo kuliko lori moja la kokoto.

Sasa tazama jinsi mambo yanavyopangwa kwa kawaida. Mwekezaji anapata kiwanja. Anapata mkopo. Anasafiri, au anamtuma mwanawe, kwenda China au India, wanachagua mashine na kulipa malipo ya kwanza. Muuzaji anatuma mchoro wa misingi. Halafu sasa, meli ikiwa baharini, mtu anakumbuka kwamba ofisi ya kibali inataka ripoti ya udongo. Anapigiwa simu mtu wa maabara, na sentensi ya kwanza anayoambiwa ni, "Tunaihitaji kabla ya Ijumaa."

Ule mchoro wa muuzaji nauonea huruma, kwa sababu kwa kawaida ni mwaminifu. Pembeni kabisa, kwa herufi ndogo, huwa imeandikwa kwamba mchoro umechukulia ardhi inayobeba tani 15 kwa mita ya mraba, au kiasi kingine, na kwamba mnunuzi athibitishe hali ya mahali pake. Nimeona misingi iliyojengwa neno kwa neno kutoka kwenye michoro hiyo, nondo kwa nondo, na mstari ule mdogo haukusomwa na mtu yeyote kwenye saiti.

Ukiutoboa udongo mapema, kabla mashine hazijapangwa, mara nyingi hupati msingi wa bei kubwa. Unapata nafasi ya kuhama. Kiwanda kimoja cha kahawa nilichoshiriki kusanifu upande wa Mukono kilikuwa kimepangiwa paili, yaani nguzo za kuzamishwa ardhini, za mita 12 chini ya masailo, kwa sababu mchoro uliyaweka sehemu ya chini ya kiwanja, karibu na barabara, ili malori yageuze kwa urahisi. Matundu matatu ya ziada yalionyesha kwamba mita 40 juu ya mteremko mwamba uliooza lakini mgumu uko karibu na uso. Tulibadilishana nafasi: masailo yakapanda, maegesho ya malori yakashuka. Paili zote zikafutwa. Msingi wa bei nafuu kuliko yote katika maisha yangu ya kazi ulikuwa kusogeza mistari kwenye karatasi, na uliwezekana kwa sababu zege lilikuwa bado halijamwagwa.

Hii ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema uchunguzi wa kina ni anasa ya miradi ya wafadhili. Kwa kiwanda cha kawaida gharama yake haifiki asilimia 1 ya ujenzi wote. Asiyeujua udongo wake ana njia mbili tu: kubahatisha chini, kama yule rafiki wa mahindi, au kubahatisha juu na kuzika nondo na zege ambazo hazikuhitajika. Njia ya pili haiandikwi magazetini kwa sababu hakuna kinachoanguka, lakini pesa zile zimezikwa, na zilikuwa za mkopo.

Kuhusu mabonde, nitasema wazi. Ardhi ya bondeni ni tambarare, iko karibu na barabara, na bei yake huvutia. Kwa hiyo viwanda hushuka huko, mafunjo hufyekwa, na malori ya moramu huanza kumwaga. Acheni kwanza suala la mazingira, ingawa ni zito na maji ya bonde hayajasahau njia yake; Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi zaidi ya mita 13.4 kwenye kipimo cha Jinja, likaipita rekodi ya 1964, na waliojenga ufukweni waliona. Hata kwa hesabu tupu ya msingi, bonde hukudai. Matope ya mafunjo ni maji kwa sehemu kubwa. Ukiyawekea mita 2 za moramu, maji yanaanza kukamuliwa, na kazi hiyo ni ya polepole mno. Mhandisi wa udongo Karl Terzaghi alieleza jinsi inavyokwenda katika miaka ya 1920: tabaka la mfinyanzi likiwa nene mara 2, muda wa kukamuka huwa mara 4. Anayejaza bonde Januari na kujenga Machi amejenga juu ya kitu ambacho bado kinashuka, na kitashuka akiwa anasindika, akiwa anarejesha mkopo, na labda akiwa amekwisha kumwachia mwanawe kiwanda.

Mtu atasema atapiga paili. Sawa, jengo litakaa. Ila ule udongo uliojazwa utaendelea kushuka ukizishika paili na kuzivuta chini, mzigo ambao wasanifu wengine husahau kuuhesabu. Sakafu isiyokaa juu ya paili itashuka huku fremu ya jengo ikibaki juu, na mabomba ya mvuke na ya maji taka yatakatika pale yanapovuka kutoka kwenye kimoja kwenda kwenye kingine. Waliojenga barabara ya kasi ya Kampala–Entebbe, iliyofunguliwa 2018, walipofika kwenye bonde la Nambigirwa waliamua kulivuka kwa daraja la zaidi ya kilomita 1.4. Kiwanda hakiwezi kugeuzwa daraja.

Magharibi kuna suala ambalo mashariki tunaweza kulisahau, la tetemeko. Mnamo 20 Machi 1966 tetemeko la Toro liliua watu zaidi ya 100, na 1994 ardhi ilitikisika tena karibu na Fort Portal. Mchanga uliolegea na uliojaa maji, kama ulioko kando ya maziwa na mito ya Bonde la Ufa, ukitikiswa hivyo unaweza kupoteza nguvu zake kwa dakika chache na kuwa kama uji. Niigata nchini Japani, 1964, majengo ya ghorofa yaliinama na kulala chini yakiwa hayajavunjika, kwa sababu hiyohiyo. Anayepanga viwanda vya kusindika mafuta au kemikali katika ukanda wa Ziwa Albert hana budi kupima mchanga wake kwa swali hilo mahususi. Tangi lililoinama la unga ni hasara. Tangi lililoinama la petroli ni jambo ambalo sitaki kulieleza.

Kisha kuna kazi yenyewe ya upimaji, na hapa nawasema watu wa fani yangu. Kipimo tunachokitegemea zaidi ni cha nyundo: uzito wa kilo 63.5 unaangushwa kutoka sentimita 76, na tunahesabu mapigo yanayohitajika kuzamisha bomba sentimita 30. Ni kazi ya kuchosha, chini ya jua, na vijana wanaoifanya hulipwa kidogo. Niliwahi kupewa karatasi za matundu matano zilizoonyesha mapigo yanayopanda kwa mpangilio mzuri kabisa kila mita, tundu baada ya tundu, kama ngazi. Udongo wa Uganda haupangiki hivyo. Kuna vichuguu vilivyozikwa vyenye mapango, kuna mawe ya duara makubwa kama nyumba yaliyobaki ndani ya mwamba uliooza, ambayo bomba likiyagonga mtu huandika "mwamba" na kwenda nyumbani. Ukikutana na jiwe, endelea kutoboa mita 3 zaidi ujue kama ni mwamba au ni mgeni. Watu wa maabara nao wakumbuke kwamba udongo wetu mwekundu ukikaushwa kwenye oveni ya nyuzi 105 kabla ya kupimwa unaweza kubadilika tabia na usirudi tena; punje zake hushikana, na matokeo hutoka mazuri kuliko ukweli. Vitabu tulivyosomea viliandikwa kwa mifinyanzi ya nchi za baridi. Na matundu ya Januari yanayosema hayakukuta maji yarudiwe kuangaliwa Mei. Tuache bomba lenye vitobo ndani ya tundu, gharama yake ni ndogo, na mvua itusimulie yenyewe.

Je, nani anamlipa mpimaji? Akilipwa na mkandarasi, ambaye anataka kuanza kazi, shinikizo la kutoa ripoti tamu ni kubwa, hata kama hakuna neno lililosemwa. Mimi nataka mpimaji aajiriwe na mwenye kiwanda moja kwa moja, aonyeshwe mchoro wa mashine na uzito wa kila moja, na awepo siku misingi inapochimbwa ili aone kama alichoandika ndicho kinachoonekana. Zabuni ya kupima udongo kwa kuangalia bei ya chini pekee inazaa zile ngazi nilizozitaja.

Na ripoti zinaenda wapi? Zinaishia kabatini. Kila kiwanja kinatobolewa upya kana kwamba jirani wa ukuta mmoja hajawahi kutoboa. Uingereza, idara yao ya jiolojia huhifadhi rekodi za matundu zaidi ya milioni 1, na sehemu kubwa mtu yeyote anaweza kuzisoma mtandaoni. Sisi tuna idara ya jiolojia Entebbe iliyoanza kazi mnamo 1919. Kibali cha kila kiwanda kingeweza kuambatana na sharti moja: nakala ya matundu ipelekwe Entebbe, iwekwe mahali pa wazi. Baada ya miaka 10 anayetafuta kiwanja Namanve au Mbale angefungua ramani na kuona, kabla ya kulipa chochote, kwamba mita 300 kutoka hapo kuna mfinyanzi laini wa mita 7.

Yule mwenye mahindi tulimsaidia. Alipunguza mzigo wa masailo mawili hadi nusu, tukapima kila wiki hadi kushuka kukatulia, kisha jamvi likazungushiwa paili ndefu. Alilipa pesa iliyokaribia bei ya sailo jipya. Sasa hujaza masailo yote manne kwa zamu, robo baada ya robo, na kijana mmoja huenda na kipima-usawa kila Jumatatu asubuhi na kuandika namba kwenye daftari la shule.

Mwezi uliopita alinipigia simu. Ndugu yake anataka ekari tano nje kidogo ya Tororo, kwa kiwanda cha kusindika muhogo. Malipo ya kwanza ameshayatoa. Ya pili tumekubaliana yasubiri matundu manne, mawili kati yake ya mita 20 pale tunapofikiria kuweka masailo ya wanga, na mawili ya mita 10 kwenye boila na kwenye mabwawa ya maji taka. Mashine bado hazijaagizwa. Muuzaji wa kiwanja alinuna kwanza aliposikia habari za mtambo wa kutoboa. Kisha akauliza: kama ndugu yule hatanunua, yeye anaweza kupata nakala ya ripoti? Nikamwambia ataipata yote, pamoja na picha za sampuli.